Kituo cha Katikati: Namna Safari ya Matatu Inavyonyooka Soko la Burma

Soko la Burma liko Nairobi, kando ya Jogoo Road, jirani na mzunguko wa City Stadium ambako Landhies Road na Lusaka Road hukutana. Upande mmoja wa barabara ni Shauri Moyo, upande wa pili Kaloleni na Makongeni. Ni soko la nyama. Wachinjaji na wauza nyama hukata na kupima humo tangu alfajiri, na wanunuzi wengi ni watu wa vibanda na hoteli ndogo za Eastlands. Jina linakumbusha askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar, kupigana katika Vita vya Pili vya Dunia, kama vile soko la Kariokor linavyobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita vilivyotangulia. Abiria wa matatu ana sababu nyingine ya kulijua soko hili. Liko kama kilomita 3 kutoka katikati ya jiji, kwenye mkondo wa magari yaendayo Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, na kwa magari hayo Burma si mwanzo wala mwisho wa safari. Ni kituo cha katikati, na hilo ndilo linaloamua kama siku ya abiria itanyooka au itapinda.

Matatu haina ratiba ya saa. Hujaa kisha ikaondoka. Steji za mjini, iwe Muthurwa au mitaa ya kuzunguka Ronald Ngala, zina foleni ya magari na watu wa kuisimamia, kamagera, ambao huita abiria, hupanga zamu na hulipwa kidogo kwa kila gari linalotoka. Gari la mbele peke yake ndilo lenye haki ya kupakia. La pili husubiri hata kama viti vyake viko wazi na abiria wamesimama mlangoni. Mgeni huona huo ni ukaidi, lakini bila zamu magari 5 yangepakia kwa wakati mmoja, kila moja likabaki nusu, na lisingeondoka hata moja.

Hesabu ya kujaza ni rahisi. Tuseme gari lina viti 33. Saa za msongamano abiria mmoja huingia kila sekunde 15, basi gari hujaa kwa dakika 8 na ushee. Saa nne asubuhi, abiria mmoja akiingia kila dakika 2, gari lilelile lingehitaji zaidi ya saa nzima. Hakuna dereva anayekubali kukaa saa nzima, kwa sababu kila siku anadaiwa hesabu na mwenye gari. Hesabu ni kiasi kilichopangwa ambacho lazima kifike jioni. Mafuta hutoka kando, na ya kamagera pia, kisha kinachosalia ndicho mshahara wa dereva na konda. Kwa hiyo mchana gari hutoka steji likiwa na viti vitupu na kuvijaza njiani.

Hapo ndipo msimamizi wa steji na abiria wa Burma wanapotofautiana. Saa ambazo steji ya mjini ni tamu, gari likijaa upesi na kuondoka, kituo cha katikati ni kichungu, maana magari hupita yakiwa yamejaa. Steji ikichacha, kituo cha katikati huneemeka, kwa kuwa kila gari linalopita linatafuta mtu. Anayelielewa jambo hili husafiri Jogoo Road bila kusukumana. Asiyelielewa hulaumu bahati yake.

Mfano mzuri wa siku iliyonyooka ni wa mama mwenye kibanda cha chakula Kayole. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kabla ya wimbi la wafanyakazi, na gari linalokwenda mjini bado lina nafasi. Anashuka Burma. Kufikia saa moja ameshachagua kipande, kimepimwa, kimekatwakatwa, naye amesimama upande wa pili wa barabara akielekea nyumbani. Saa hiyo Jogoo Road imejaa magari kuelekea mjini, lakini upande wa kwenda Eastlands uko wazi. Magari yaliyokwisha kushusha abiria mjini yanarudi mbio kuchukua wengine Umoja na Kayole, mengi yakiwa na viti vitupu, na dereva anaona kila abiria wa njiani kuwa pesa aliyookota. Konda hana haja ya kupandisha bei wala kubagua mzigo. Mama anapata kiti na nafasi ya mfuko wa nyama, na anafika kabla wateja wa chai ya saa nne hawajaanza kuuliza. Safari hiyohiyo kwa njia hiyohiyo ikifanywa saa kumi na mbili jioni ni karaha tupu. Gari ni lile, barabara ni ile, kilichobadilika ni kwamba amekwenda kinyume na mkondo.

Kuna tahadhari moja. Gari linalorudi tupu saa za asubuhi lina haraka, kwa sababu kila safari ya kuingia mjini wakati huo ina thamani kuliko safari 2 za mchana. Dereva aliye na macho ya mbele tu hatasimama kwa mtu mmoja aliyesimama kizembe. Abiria wazoefu wa Burma husimama pamoja, watatu au wanne, mahali gari linapoweza kuegesha bila kukatwa na mikokoteni, na huonyesha mkono mapema. Kitendo hiki kidogo kina uzito wake, kwani kusimama kwa abiria wanne ni faida na kusimama kwa mmoja ni hasara ya sekunde.

Abiria aendaye mjini asubuhi kutoka Burma ana hali tofauti kidogo. Magari yanamfikia yakiwa yamejaa tangu Umoja, lakini baadhi ya waliomo wanashukia hapo, wengine City Stadium, wengine wanakwenda Gikomba na hupenda kukatia kwa miguu. Viti hufunguka kimoja kimoja. Konda huuliza kwa sauti, "Burma iko?" na sauti kutoka nyuma hujibu, "Iko!" Kwa anayesubiri chini, jibu hilo ndilo tangazo la kiti. Hata hivyo, msongamano wa Landhies Road asubuhi ni mkubwa kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizuri na asiye na mzigo hutembea hadi mjini kwa muda wa nusu saa na ushee, akiyapita magari aliyoyakosa. Wengi hufanya hivyo kila siku wala hawaoni kuwa ni jambo la kusimulia.

Mchana ni wakati wa Burma kufaidi, isipokuwa kwa tatizo moja ambalo watu hulilalamikia bila kujua chanzo chake. Gari halionekani kwa robo saa, kisha yanakuja matatu kwa mpigo. Sababu haitokani na hila za madereva peke yao. Gari la mbele likichelewa kidogo, abiria zaidi hujikusanya kwenye vituo linavyovielekea, basi husimama zaidi, hupakia zaidi na kuchelewa zaidi. Gari la nyuma hukuta vituo vimefagiliwa, halisimami, na kwa hiyo hulifikia la mbele. Baada ya kilomita kadhaa yanatembea pamoja kama ng'ombe wa mnada. Jambo hili huyapata mabasi ya miji yote duniani, hata yale yenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Tofauti ya Nairobi ni kwamba dereva wa nyuma hakubali kubaki nyuma. Hulipita la mbele, akachukua kituo kinachofuata, na la mbele likampita tena. Mbio zinazotisha abiria zinatokana na hesabu ya abiria waliokwisha kuchukuliwa.

Kwa anayesubiri, makundi haya yana gharama inayoweza kupimwa. Magari yakija kwa mpangilio, kila dakika 10, abiria anayefika wakati wowote husubiri dakika 5 kwa wastani. Yakija mawili mawili, moja likifuatwa na jingine baada ya dakika 2, kisha ukimya wa dakika 18, idadi ya magari kwa saa ni ileile, lakini wastani wa kusubiri hupanda hadi dakika 8 na sekunde 12. Sababu ni kwamba watu wengi zaidi hufika wakati wa lile pengo refu. Dawa ya abiria ni ya zamani: la kwanza liache. Gari la kwanza katika kundi limebeba watu wa robo saa nzima. La pili lina viti, na la tatu lina viti na konda aliye tayari kupunguza bei.

Ndani ya gari, mambo huenda haraka kwa sababu ya ustadi wa mtu mmoja. Konda husimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mkono mmoja umeshika bomba, na noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole vya mkono wa pili: mia mia zao, hamsini zao, na sarafu kiganjani. Hachanganyi. Akipokea noti kubwa huacha chenji ikae, akamwambia abiria asubiri, na kuikumbuka bila kuandika popote. Kipigo kimoja cha kiganja kwenye bati ni kusimama, viwili ni kuondoka. Dereva haangalii nyuma hata mara moja kati ya Burma na Makadara. Kukusanya nauli huanza gari likishaondoka, wala si mlangoni, na hiyo ndiyo sababu gari linaweza kusimama Burma kwa sekunde chache tu. Mabasi ambayo abiria hulipa kwa dereva kabla ya kukaa hupoteza muda mwingi zaidi kwenye kila kituo.

Kwa upande huu inaeleweka kwa nini jaribio la mwaka 2014 la kuwataka abiria walipe kwa kadi halikushika. Kila kampuni ilileta kadi yake, mashine zilichelewa, na juu ya yote, konda alihitaji pesa taslimu za mafuta, za kamagera na za kuosha gari siku ileile. M-Pesa, iliyoanza 2007, imeingia polepole kwa mlango wa pembeni. Namba ya kulipia huandikwa ndani ya gari, abiria hutuma, na huonyesha ujumbe. Inasaidia sana asubuhi wakati chenji ni haba. Inakwaza pale simu inapotafuta mtandao huku steji ya kushuka imefika.

Abiria wa Burma ana mzigo wenye masharti yake. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na nyama hufungwa kwa karatasi na kuwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Karatasi hulowa. Kilo mbili za mbavu zikikaa dakika arobaini chini ya kiti huacha alama sakafuni, na hakuna konda anayependa kusugua damu kabla ya safari inayofuata. Mnunuzi mwenye uzoefu huomba karatasi ya ziada, huuweka mfuko katikati ya miguu yake mwenyewe na hukaa karibu na mlango. Kichwa cha mbuzi au miguu ya ng'ombe huingia kwenye gunia, na gunia huwekwa mbele karibu na dereva au nyuma, kwa nauli ya kukubaliana kabla ya kupanda. Kukubaliana baada ya kupanda ni kutafuta ugomvi.

Jioni ndiyo mtihani wenyewe. Kuanzia saa kumi na moja magari yanatoka mjini yamejaa, na kati ya mjini na Burma ni wachache wanaoshuka, kwa kuwa wakazi wa Shauri Moyo na Kaloleni wengi hutembea. Tuseme katika kila magari mawili kiti kimoja hufunguka Burma. Watu 20 wakiwa wanasubiri, yatahitajika magari 40 kuwamaliza, na wakati huo wengine 20 wameshafika. Hii ndiyo sababu umati wa Burma jioni haupungui hata kama magari yanapita bila kukoma.

Kisheria konda hana la kufanya. Kanuni zilizoletwa na John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilifunga idadi ya abiria kwa idadi ya viti, zikaleta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Kabla ya hapo gari lililojaa lilikuwa neno la mjadala. Mabasi ya Kenya Bus Service, yaliyoanza Nairobi mwaka 1934, yalikuwa na nafasi ya kusimama, na matatu zilizohalalishwa kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta mwaka 1973 zilipakia hadi mlango ukakataa kufungwa. Kanuni iliokoa maisha, jambo lisilo na ubishi. Ila kwa kituo cha katikati ilikuwa na matokeo ambayo hayakuzungumzwa sana: ule unyumbufu uliokuwa ukimwokoa mtu wa Burma jioni uliondolewa, na nafasi yake haikujazwa na chochote. Giza likiingia kanuni hulegea, na abiria huinama katikati ya viti, lakini hiyo ni njia ya kubahatisha.

Njia isiyobahatisha ni kurudi nyuma. Abiria aendaye Umoja hupanda gari linaloelekea mjini, ambalo jioni lina nafasi tele, na hushuka steji, akapanga foleni, akaondoka ameketi. Wengine hubaki kwenye kiti gari likigeuka, na hulipa nauli mbili. Kwa macho ni upotevu, kwani mtu anaiacha nyumba nyuma yake ili aifikie. Kwa hesabu ni akiba. Dakika 20 za kwenda mjini na 10 za kupakia ni nusu saa inayojulikana, ilhali kusubiri Burma kunaweza kuwa dakika 5 au saa moja na nusu. Mwenye mtoto nyumbani huchagua nusu saa inayojulikana. Asiye na mzigo hutembea hadi Muthurwa kwa Landhies Road na kuokoa nauli ya kwanza.

Tena, jioni dereva hukimbia msongamano kwa njia za panya. Akikata kupitia barabara nyingine, abiria walioko ndani humsifu, lakini gari lake halitaonekana Burma kabisa. Ramani haisaidii hapo. Mradi wa Digital Matatus, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, ulichora zaidi ya njia 130 za matatu na kutoa ramani yake Januari 2014, kazi ya kupigiwa mfano ambayo iliingia hata kwenye Google Maps. Inamwambia mtu ni namba gani inayokwenda wapi: 58 Buruburu, 35/60 Umoja, 19/60 Kayole. Haiwezi kumwambia kwamba leo dereva ameamua kukwepa Jogoo Road.

Mvua ikinyesha kila kitu huongezeka ukali, na bei ya kwanza kupanda ni nauli. Watu huiita tamaa, na tamaa ipo, lakini kuna fizikia pia. Chukua magari 20 ya viti 33 yanayozunguka njia moja kwa saa moja. Yanatoa viti 660 kwa saa. Maji yakisimama barabarani na mzunguko ukawa wa saa mbili, viti vinabaki 330. Saa ileile, wale waliokuwa wakitembea kwa miguu wanafunga miavuli na kutaka gari. Viti vimegawanywa kwa mbili na wanaovitaka wameongezeka. Nauli ya shilingi 50 kuwa 100 ni matokeo yanayotabirika kama matope. Kwa abiria wa Burma, saa moja chini ya paa la soko akinywa chai mara nyingi ni nafuu kuliko dakika 20 za kugombania mlango.

Kuhamisha steji hakumalizi tatizo, huligeuza tu. Desemba 2018 kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji, na magari yakatakiwa kuishia steji za pembezoni, Muthurwa ikiwemo. Asubuhi ya kwanza ya amri hiyo maelfu walitembea, wengine na mizigo kichwani, na amri ikasitishwa upesi. Kwa mtu wa Burma, steji ikisogezwa Muthurwa, kurudi nyuma kungekuwa kufupi zaidi, na kwa hiyo jioni yake ingekuwa nyepesi. Kwa mtu wa ofisini upande wa pili wa jiji ingekuwa kinyume.

Baada ya saa tatu usiku mkondo hulegea. Steji za mjini hujaza polepole tena, magari hutoka na viti vitupu, na konda huanza kuita Burma kwa sauti ambayo saa mbili zilizopita asingeipoteza kwa mtu wa njiani. Wachinjaji wanaofunga meza kwa kuchelewa hupanda bila kusukumana, visu vimefungwa ndani ya gazeti, makoti meupe yamekunjwa ndani nje. Wengi wa madereva hao wa usiku ni skwodi, watu wa kubeba safari moja au mbili wakati dereva wa kawaida wa gari amepumzika, nao hawana hesabu ya kutimiza, bali chao cha safari hiyo. Huendesha taratibu na husimama popote abiria anapogonga bati.